Alan Turing na Mashine Isiyojua Maji ya Galu

Asubuhi moja ya mwezi mpevu, kina mama watatu walikuwa wameketi chini ya mkorosho hapa Galu, wakingoja maji yatoke ili waende mwambani kutafuta pweza. Kijana mmoja wa mji huo, mjukuu wa mmoja wao, akatoa simu yake na kuiuliza maji yatakupwa saa ngapi. Simu ikajibu kwa Kiswahili safi, tena kwa adabu, kwamba saa nne asubuhi maji yatakuwa yamejaa kabisa, na kwamba ni heri wangoje hadi saa kumi alasiri.

Bibi hakubishana. Alimwambia mjukuu wake kwamba siku za mwezi mpevu maji ya Galu hutoka kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi, na kwamba ndivyo yalivyo tangu yeye alipokuwa msichana. Akachukua kikapu chake na fimbo ya chuma, akashuka pwani. Ilipofika saa nne u nusu alikuwa amesimama juu ya mwamba, maji hayafiki magotini. Laiti angeifuata simu, angeingia baharini wakati ule bamvua limefurika, na kwetu bamvua huweza kuinua maji karibu mita 4. Hapo si pweza tena anayetafutwa, ni mtu.

Kijana alibaki na swali moja. Ikiwa chombo hiki kina akili kama wasemavyo watu, imekuwaje kisijue jambo analolijua bibi asiyepata kuingia darasani?

Ndugu msomaji, swali hilo si la Galu peke yake. Tangu mwisho wa mwaka 2022, ilipotolewa mashine ya mazungumzo iitwayo ChatGPT, habari za akili bandia, ambayo wengine huiita akili unde au akili mnemba, zimeenea kila baraza. Na pamoja na habari hizo yameenea mambo mengi yasiyokuwa kweli. Wako wasemao kwamba ndani ya mashine hiyo mna jini. Wako waiulizao kama waendavyo kwa mganga kupigiwa ramli au mburuga, wakiamini kwamba inajua yaliyopita na yajayo. Wako waaminio kwamba mashine haikosei. Na wako wanaoidharau kabisa, wakasema ni kiini macho tu.

Ili kupima maneno hayo, yafaa tumjue mtu mmoja aliyeyafikiria mambo haya kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Jina lake ni Alan Turing, Mwingereza aliyefariki mwaka 1954. Wengi humtaja kuwa ndiye aliyesema kwamba mashine ina akili kama ya mtu. Tukitazama maisha yake tutaona kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Utoto wake

Alan Mathison Turing alizaliwa tarehe 23 Juni mwaka 1912 katika mtaa wa Maida Vale, jijini London. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, katika jimbo la Madras. Wazazi walikuwa wakienda na kurudi, nao watoto wawili wa kiume, John na Alan, waliachwa Uingereza mikononi mwa askari mmoja mstaafu na mkewe, katika mji ulio kando ya bahari. Kwa hiyo Alan alikua mbali na baba na mama, akazoea kuwa peke yake na kupekua mambo kwa njia yake mwenyewe.

Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 13, alipelekwa shule ya bweni ya Sherborne. Siku ya kufungua shule ilikutana na mgomo mkuu wa wafanyakazi, na treni hazikwenda. Kijana hakurudi nyumbani. Alipanda baiskeli yake kutoka bandari ya Southampton, akaendesha karibu kilomita 97, akalala njiani katika nyumba ya wageni, na kesho yake akaripoti shuleni.

Hapo shuleni alipata rafiki mpenzi, Christopher Morcom, aliyependa sayansi kama yeye. Rafiki huyo alifariki ghafla mwezi wa Februari mwaka 1930 kwa maradhi ya kifua kikuu. Msiba huo ulimwumiza sana Turing. Kwa miaka kadhaa alijiuliza kama akili ya mtu yaweza kubaki baada ya mwili kufa, na akili hiyo imefungamanaje na mwili. Msomaji atakumbuka jambo hili, kwa maana mtu aliyekuja kuuliza juu ya akili ya mashine alianza kwa kuuliza juu ya akili ya rafiki aliyezikwa.

Karani na karatasi yake

Mwaka 1931 aliingia Chuo cha King's katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hisabati. Mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alichaguliwa kuwa mwanachuoni wa chuo hicho. Mwaka uliofuata aliandika makala iliyokuja kubadili dunia.

Siku hizo neno kompyuta kwa Kiingereza lilikuwa jina la mtu, wala si la chombo. Lilikuwa ni jina la karani wa hesabu, mtu aketiye na kalamu na karatasi akifuata kanuni alizopewa. Turing alimtazama karani huyo kwa makini. Anasoma alama moja, anakumbuka yuko hatua gani, anaandika alama nyingine, anahamia mahali pengine pa karatasi. Basi Turing akawaza mashine ya kufikirika tu, yenye utepe mrefu uliogawanywa vyumba vidogo vidogo, iwezayo kusoma, kuandika, kufuta na kusogea. Akaonyesha kwamba mashine moja ya namna hiyo, ikiandikiwa maagizo yanayofaa juu ya utepe, yaweza kufanya kazi ya mashine yoyote nyingine ya aina yake. Hilo ndilo wazo lililo chini ya kila tarakilishi na kila simu ya leo.

Lakini makala hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao hausemwi sana barazani. Turing aliiandika ili athibitishe jambo ambalo mashine haiwezi. Alionyesha kwamba hapawezi kuwa na njia ya kimashine ya kuamua kila hoja ya mantiki kama inathibitika au haithibitiki. Kwa hiyo waaminio kwamba ipo siku mashine itajibu kila swali, wakumbuke kwamba mpaka wa mashine uliwekwa wazi mwaka 1936, tena na yule yule aliyeibuni.

Mashine ya shaba iliyojua bahari

Sasa tufike kwenye jambo linalogusa pwani yetu. Tangu miaka ya 1870 Waingereza walikuwa na mashine za kukadiria kupwa na kujaa kwa maji, zilizobuniwa na mwanasayansi William Thomson, maarufu kwa jina la Lord Kelvin. Zilikuwa ni magurudumu ya meno na kapi, shaba tupu. Kila gurudumu lilisimamia mvuto mmoja: huu wa mwezi, huu wa jua, huu wa mwezi unapokaribia dunia na kadhalika. Uzi uliopita juu ya kapi zote ulijumlisha mivuto hiyo, na kalamu ikachora mstari wa maji ya bandari kwa mwaka mzima. Mji wa Liverpool ulikuwa na chuo mashuhuri kwa kazi hiyo.

Mwaka 1939 Turing alitaka kuunda mashine iliyofuata mfano wa ile ya Liverpool. Hakutaka kupima bahari. Alitaka kuchunguza fumbo moja kubwa la hisabati linalohusu namba tasa. Shirika la wanasayansi la Royal Society lilimpa pauni 40, na magurudumu ya meno yakaanza kutapakaa chumbani mwake. Kisha vita vikaja, na mashine hiyo haikukamilishwa kamwe.

Mashine ya shaba ya Liverpool haikujua kusema hata neno moja. Hakuna aliyeiita yenye akili. Lakini ilipoambiwa vipimo vya bandari fulani, ilitaja saa ya maji kupwa kwa usahihi mkubwa. Simu ya kijana wa Galu inasema kama wakili, na saa ya maji haikuijua. Tutarudi kwenye jambo hili.

Vita na siri

Tarehe 4 Septemba mwaka 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita juu ya Ujerumani, Turing aliripoti Bletchley Park, jumba lililoko kaskazini ya London ambako serikali iliwakusanya watu wa kufumbua maandishi ya siri ya adui. Wajerumani walitumia mashine iitwayo Enigma. Ile iliyotumiwa na jeshi lao ingeweza kupangwa kwa namna zaidi ya 150 milioni milioni milioni. Mtu akijaribu moja moja, maisha yake yote hayatoshi.

Hapa pana uongo mwingine unaopenda kusimuliwa: kwamba Turing peke yake alivunja siri hiyo kwa mashine yenye akili. Ukweli ni kwamba Wapolandi watatu, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walikuwa wameitatua Enigma ya zamani tangu miaka ya 1930, na mwezi wa Julai 1939 nchi yao iliwapa Waingereza na Wafaransa ujuzi huo. Turing alibuni mashine mpya iitwayo Bombe, na mwenzake Gordon Welchman akaiongezea sehemu iliyoifanya iwe na nguvu zaidi. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1940. Nayo ile tarakilishi kubwa ya Colossus, ambayo watu humpa Turing sifa yake, iliundwa na mhandisi Tommy Flowers wa idara ya posta.

Na Bombe yenyewe haikujua Kijerumani, wala haikujua kwamba kuna vita. Kwanza mtu alipaswa kubahatisha neno lililomo ndani ya ujumbe, mathalan kwamba ujumbe wa alfajiri ni wa hali ya hewa na lazima mna neno la hali ya hewa. Bombe ilichukua bahati nasibu hiyo na kuondoa mipangilio yote isiyopatana nayo. Iliyobaki michache ilikaguliwa na watu. Mashine hizo ziliendeshwa usiku na mchana na wanawake wa jeshi la majini, zaidi ya 1,500, waliosimama saa nyingi wakifunga nyaya na kuzungusha magurudumu katikati ya kelele na mafuta. Mwanzoni mwa mwaka 1945 watu wa Bletchley Park walikuwa wapata 9,000, na robo tatu yao walikuwa wanawake. Waliapishwa wasiseme, na wengi hawakusema hata kwa waume zao kwa miaka 30.

Vita hivyo vya siri vilifika hadi Mombasa. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Japani zilipoishambulia Colombo, kituo cha Waingereza cha kufumbua siri za Kijapani kilihamishiwa kwetu, kikakaa katika majengo ya shule ya Allidina Visram kisiwani Mombasa, wakati manowari zao zilipokuwa zikitumia Kilindini. Turing mwenyewe hakuwamo. Lakini hapo Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni tu kutoka kwetu Kwale, maandishi ya siri ya meli za biashara za Japani yalifumbuliwa mwaka 1942, baada ya mtumaji mmoja wa adui kufanya kosa. Kituo kilirudi Colombo mwaka 1943. Pale pia kazi ilikuwa ya watu na kalamu zao kuliko ya mashine.

Somo hilo ni la leo vile vile. Wengi hudhani kwamba akili bandia inajiendesha yenyewe, haina jasho la mtu. Mwezi wa Januari mwaka 2023 gazeti la TIME la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya kampuni ya OpenAI, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ukatili na uchafu na kuyatia alama, mashine ipate kujifunza kuyaepuka. Adabu ile ya simu iliyojibu pale Galu ilipitia mikononi mwa watoto wa nchi hii. Jini halimo humo. Waliomo ni vijana wa Nairobi.

Swali la mwaka 1950

Vita vilipokwisha Turing alipewa nishani ya ufalme, akaajiriwa na Maabara ya Taifa ya Fizikia kuchora tarakilishi kamili. Kazi ilikwenda polepole. Mwaka 1947, akiwahutubia wanahisabati jijini London, alieleza jambo ambalo hadi leo halijaeleweka na wengi: ukitaka mashine isiyokosea kamwe, usitazamie iwe na akili pia. Mwenye kujifunza hukosea.

Mwaka 1948 alihamia Chuo Kikuu cha Manchester, ambako Frederic Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill walikuwa wameunda tarakilishi ndogo iliyoendesha programu yake ya kwanza mwezi wa Juni mwaka huo. Wakati huo huo yeye na rafiki yake David Champernowne waliandika kanuni za kucheza sataranji. Hapakuwa na mashine ya kutosha kuziendesha. Mwaka 1952 Turing aliketi mwenyewe na karatasi zake, akawa yeye ndiye mashine, akafuata kanuni hatua kwa hatua dhidi ya mwenzake Alick Glennie. Kila kete ilimchukua kama nusu saa, na mwisho akashindwa. Ni mtu aliyeigiza mashine ili aone kama mashine yaweza kumwigiza mtu.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1950 ilitoka makala yake mashuhuri katika jarida la falsafa la Mind. Ndani yake alianza kwa kuuliza kama mashine zaweza kufikiri, kisha akaliweka swali hilo kando, kwa sababu watu hawajapatana kufikiri ni nini. Badala yake alileta mchezo. Mwulizaji aketi chumba kimoja, na vyumba vingine awemo mtu na mashine. Waandikiane. Ikiwa mwulizaji hawezi kutambua nani ni nani, kuna haja gani ya kuinyima mashine sifa tunayompa jirani yetu, ambaye akili yake pia hatujaiona kwa macho?

Alikadiria kwamba baada ya miaka kama 50 mashine zingecheza mchezo huo vizuri kiasi kwamba, baada ya maswali ya dakika tano, waulizaji wa kawaida wasingeweza kutambua sawasawa zaidi ya mara 70 katika 100. Hakusema mashine ina roho. Hakusema inajua kila kitu. Alisema tu kwamba kwa mazungumzo peke yake itakuwa vigumu kutofautisha. Na hilo limetokea, ingawa lilichelewa kidogo.

Msomaji atazame na mfano alioutoa. Mashine inaulizwa ijumlishe 34,957 na 70,764. Inangoja nusu dakika, kisha inajibu 105,621. Ukijumlisha mwenyewe utapata 105,721. Mashine ya mfano wa Turing ilikosea, kwa maana aliyekuwa akiigizwa ni mtu, na mtu hukosea. Tangu siku ya kwanza, basi, mchezo huu ulipima kusema kama mtu. Haukupima kusema kweli.

Humo humo alijibu hoja tisa za wapinzani. Kwa wacha Mungu waliosema kwamba kufikiri ni kazi ya roho aliyopewa binadamu peke yake, alijibu kwamba si juu yetu kumwekea Mwenyezi mipaka ya wapi aweke roho. Kwa waliosema mashine haifanyi jipya ila iliyoagizwa, alijibu kwamba mashine humshangaza yeye kila mara. Na mwisho akapendekeza mashine ilelewe kama mtoto: iundwe ikiwa haijui, kisha ifundishwe. Njia hiyo ya kufundisha ndiyo iliyokuja kushinda.

Mwisho wa kusikitisha

Miaka yake ya mwisho aliitumia kuchunguza jinsi viumbe wanavyopata maumbo na madoa yao, kama madoa ya chui, akatoa makala ya hisabati juu ya jambo hilo mwaka 1952. Lakini mwaka huo huo alishtakiwa kwa uhusiano wa kimapenzi na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa katika sheria ya Uingereza ya wakati ule. Mahakama ilimpa kuchagua gereza au dawa za homoni kwa mwaka mmoja. Alichagua dawa, na mwili wake ukabadilika. Aliondolewa pia katika kazi za siri za serikali aliyoitumikia vitani, na watu hawakuweza kuambiwa alichowafanyia.

Alifariki nyumbani kwake Wilmslow tarehe 7 Juni 1954, kwa sumu ya sianidi, akiwa bado hajatimiza miaka 42. Uchunguzi ulisema alijiua. Mama yake aliamini ilikuwa ajali. Tufaha lililoumwa lilikutwa kando ya kitanda, wala halikupimwa kama lina sumu. Wengi husimulia kwamba nembo ya kampuni ya Apple ilitokana na tufaha hilo, lakini Rob Janoff aliyeichora nembo amekanusha. Mwaka 2009 Waziri Mkuu wa Uingereza aliomba radhi kwa niaba ya serikali, mwaka 2013 malkia akampa msamaha, na mwaka 2021 picha yake ikawekwa katika noti ya pauni 50.

Turudi Galu

Basi imekuwaje simu ikakosea maji? Mashine ya mazungumzo ya leo imesomeshwa maandishi mengi mno, na imejifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Kwa njia hiyo imepata uwezo wa ajabu. Lakini ikiulizwa jambo ambalo halikuandikwa sana, nayo haikupewa jedwali la maji, huenda isinyamaze. Huunganisha maneno yanayofanana na jibu, kwa sauti ile ile ya uhakika. Na mambo ya bahari yetu, majina ya miamba, nyakati za bamvua na maji mafu, mengi yake hayajaandikwa. Yamo vichwani mwa wazee wa Galu, Kinondo na Msambweni. Lau kijana angeipa simu ile jedwali la maji ya Kilindini, ingaliweza kumsomea vyema.

Maana si haki kuidharau. Juma lililotangulia simu hiyo hiyo ilimfasiria bibi barua ya Kiingereza iliyohusu shamba lake, ikamweleza kila fungu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hata hivyo bibi aliipeleka barua kwa mtu ajuaye sheria kabla ya kutia kidole, na alifanya vyema. Barua ilikuwepo mbele ya mashine, maji hayakuwepo. Hiyo ndiyo tofauti anayopaswa kuijua kila mtumiaji.

Ni jambo la hatari zaidi linapokuwa dawa ya mtoto, au hati ya shamba, au ukweli wa habari siku za uchaguzi. Anayeiuliza mashine na auulize pia ujuzi huo umetoka wapi, na nani atakayejibu ikiwa si kweli. Turing alijenga maisha yake juu ya kuuliza hivyo. Hakuiamini Bombe mpaka mtu amekagua. Hakuiona aibu mashine kukosea, ila alitaka ijulikane kwamba yakosea.

Nilimkuta bibi akirudi mwambani na pweza wawili kikapuni, na mjukuu wake akimpokea. Kijana alikuwa ameshika daftari. Alikuwa akimwuliza bibi nyakati za maji, siku kwa siku, tangu mwezi mwandamo hadi mwezi mpevu, naye akiandika. Wahenga walitukataza kusafiria nyota ya wengine. Lakini nyota yetu nayo, isipoandikwa, watoto wetu watasafiria ipi?